Miji iliyowafukuza waogeleaji mitoni kisha ikawarudisha, na mkono wetu wa bahari hapa Lindi

#1 Fundi wa Lindi

Wakuu, nawasalimu nyote. Uzi huu ni mrefu, kwa hiyo nitauweka kwa vipande, na mwenye swali au sahihisho aliweke hapo katikati bila kusubiri nimalize.

Mwisho wa Julai 2024 tulikuwa kwenye baraza ya kahawa hapa Lindi tukifuatilia Michezo ya Olimpiki ya Paris. Ikatangazwa kwamba shindano la triathloni la wanaume, ambalo mshindani huogelea, kisha hupanda baiskeli, kisha hukimbia, halitafanyika Jumanne tarehe 30 kama ilivyopangwa bali limesogezwa hadi Jumatano, kwa sababu maji ya mto Seine yalipimwa yakaonekana si salama. Kilichoyaharibu, walisema, ni mvua kubwa iliyoanza siku ya sherehe ya ufunguzi, Ijumaa tarehe 26. Mzee mmoja aliyemaliza ujana wake kwenye majahazi akaweka kikombe chini akauliza: "Mvua ya Ijumaa inauharibu vipi mto wa Jumanne? Mvua si ndiyo inayosafisha?"

Hakuna aliyemjibu. Mimi kazi yangu ni ufundi bomba, nimejenga makaro na kuzibua chemba za mji huu kwa zaidi ya miaka 20, na swali lile lilinikaa kichwani kwa sababu nilijua nusu ya jibu na nilitaka kuipata nusu ya pili. Tangu siku ile nimekuwa nikisoma habari za mahali pa kuogelea katika mito ya miji mikubwa: palianzaje, palifungwa na nini, na pamefunguliwa tena kwa njia gani. Ninachotaka kukitetea hapa ni kwamba katika miji hiyo mto haukufungwa kwa sababu ya kina chake wala nguvu ya mkondo wake. Ulifungwa na choo, na siku ulipofunguliwa tena kilichoufungua kilikuwa bomba.

#2 Fundi wa Lindi

Naanza na Paris kwa sababu ndiko swali lilikotoka.

Watu wa Paris walioga na kuogelea katika Seine tangu zamani, tena wengi wao wakiwa uchi, na wakuu wa mji walitoa amri za kukataza jambo hilo mara kwa mara bila kufanikiwa sana. Katika karne ya 18 ikapatikana njia ya kuwaridhisha watu wote, nayo ni mabwawa yaliyoelea. Mashua bapa ziliunganishwa kuzunguka nafasi iliyoachwa wazi katikati, nafasi hiyo ikawekewa sakafu ya mbao chini ya maji, na mto ukawa unapita ndani yake huku waogeleaji wakiwa wamesitirika. Lililojulikana kuliko yote ni Bains Deligny, lililotokana na shule ya kuogelea iliyoanzishwa mwaka 1785, na ambalo lilidumu kwa zaidi ya miaka 200 mpaka lilipozama mwaka 1993.

Mwaka 1900 Michezo ya Olimpiki ilipofanyika Paris kwa mara ya kwanza, mashindano ya kuogelea hayakuwa na bwawa. Yalifanyika mtoni, upande wa Asnières, na washindani waliogelea wakifuata mkondo, ndiyo maana muda wao ulikuwa mfupi kuliko kawaida. Kulikuwa hata na shindano la vikwazo la mita 200 ambalo mtu alipaswa kupanda nguzo, kuvuka safu ya mashua kwa juu na kupita nyingine kwa chini. Nilipolisoma hilo niliwakumbuka vijana wa hapa wanaopanda kwenye ubavu wa dau lililotia nanga, wanajirusha upande wa pili, kisha wanapiga mbizi kupita chini ya lingine.

Sasa tuje kwenye bomba. Kuanzia miaka ya 1850 mji ule ulijengewa mifereji mikubwa ya chini kwa chini, kazi iliyoongozwa na mhandisi Eugène Belgrand, na mwaka 1894 sheria ikawalazimisha wenye nyumba kuunganisha vyoo vyao na mifereji hiyo. Lilikuwa jambo jema sana kwa afya ya mitaani, kwa sababu kabla ya hapo kinyesi kilikaa kwenye mashimo chini ya nyumba. Lakini mfereji ulikuwa mmoja kwa maji ya mvua na maji ya chooni, na kosa hilo la ujenzi ndilo lililomfikia mzee wetu kwenye baraza ya kahawa zaidi ya karne moja baadaye.

Kuogelea katika Seine kulipigwa marufuku mwaka 1923, na sababu mojawapo iliyotajwa ni wingi wa vyombo vilivyopita. Watu hawakuacha mara moja, lakini mto wenyewe ulizidi kuchafuka mpaka hakukuwa na haja ya askari wa kumzuia mtu. Katika miaka ya 1970 aina za samaki zilizohesabiwa katika mto ule mjini Paris zilikuwa tatu tu. Jacques Chirac, aliyekuwa meya kuanzia 1977 hadi 1995, aliahidi hadharani kwamba angeogelea humo mbele ya watu ili kuonyesha kwamba mto umesafika. Akawa rais wa nchi, akamaliza vipindi vyake, na hakuwahi kuogelea.

#3 Binti wa Mikindani

Fundi, uzi ni mzuri na tunaufuatilia, lakini umetuacha njiani. Jibu la mzee liko wapi? Huku Mikindani mvua ikinyesha maji ya ghuba yanakuwa mekundu kwa udongo wa mlimani, na sisi tunajua ni udongo tu, tunasubiri siku mbili tunarudi kuogelea. Wao walisubiri nini?

#4 Fundi wa Lindi

Dada, jibu ni hili, na nitalieleza kifundi kidogo.

Mfereji mmoja unapobeba maji ya chooni na maji ya mvua kwa pamoja, siku ya jua kali maji yote yanafika kwenye mitambo ya kusafishia bila shida, maana ni machache. Ikinyesha mvua kubwa, maji yanaongezeka kuliko uwezo wa mfereji. Mhandisi asipoweka mlango wa dharura, maji yale yatarudi nyuma na kutokea kwenye vyoo vya watu, na mtu yeyote aliyewahi kuona chemba ikifurika ndani ya ua anajua maana yake. Kwa hiyo iliwekwa milango inayomwaga ziada moja kwa moja mtoni. Mvua inasafisha barabara, hilo ni kweli, lakini inausukuma uchafu wa vyoo vya watu milioni mbili kwenda mahali ambapo waogeleaji wamepanga kuingia.

Halafu mto haujisafishi kwa saa chache. Bakteria wa kinyesi hufa kwa jua na kwa muda, na maji machafu ya juu ya mto yanahitaji siku kadhaa kupita. Isitoshe, kipimo cha kawaida kinahitaji bakteria hao wakuzwe maabara kwa takriban siku moja kabla ya kuhesabiwa, kwa hiyo majibu ya leo asubuhi ni habari ya maji ya jana. Kwa triathloni, bakteria wa aina ya E. coli hawapaswi kuzidi 1,000 katika mililita 100 za maji. Mvua ya Ijumaa ndivyo ilivyokuwa ingali mtoni siku ya Jumanne.

Tofauti na udongo mwekundu wa Mikindani ni kwamba udongo unaonekana kwa macho na kinyesi kilichokwisha kuchanganyika hakionekani. Maji ya Seine siku ile huenda yalikuwa masafi kwa kuyatazama kuliko ghuba yenu baada ya mvua.

Kilichofanywa kuutibu mto ule kiligharimu takriban euro bilioni 1.4. Karibu na kituo cha treni cha Austerlitz lilichimbwa tangi la chini ya ardhi lenye kipenyo cha mita 50 na kina cha mita 30, linaloweza kushika mita za ujazo 50,000, sawa na mabwawa 20 ya kuogelea ya Olimpiki. Kazi yake ni kuyapokea maji ya ziada siku ya mvua kubwa, kuyahifadhi, kisha kuyarudisha taratibu kwenye mfereji mvua ikipungua ili yakasafishwe. Mkiniuliza mimi, ni karo kubwa yenye akili. Lakini tangi peke yake lisingetosha. Mafundi walipita nyumba kwa nyumba katika vitongoji vya juu ya mto wakitafuta nyumba ambazo bomba la choo liliunganishwa kimakosa na bomba la maji ya mvua, na mashua ambazo watu wanaishi ndani yake nazo zikatakiwa kuunganishwa na mfereji wa maji taka.

Meya Anne Hidalgo aliogelea tarehe 17 Julai 2024, siku chache kabla ya michezo. Mashindano yakafanyika Jumatano tarehe 31, wanawake na wanaume siku moja. Na tarehe 5 Julai 2025 wananchi wa kawaida walifunguliwa sehemu tatu, Bras Marie, Grenelle na Bercy, baada ya miaka 102 ya marufuku. Kila mwogeleaji anafungiwa boya la rangi ya njano kiunoni, na mvua kubwa ikinyesha panafungwa mpaka maji yapimwe upya. Ile hesabu ya samaki, kutoka aina tatu imevuka 30.

Kazi ya kupita nyumba kwa nyumba ndiyo iliyonigusa kuliko tangi, na nitasema kwa nini. Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kwenye nyumba moja ya kulala wageni hapa mjini, karo limejaa na vyoo vinarudisha. Nilipofungua chemba ya mwisho nikakuta bomba la inchi 4 ambalo halikuwa kwenye mchoro wowote, limefukiwa chini ya sakafu ya ua, limetoboa ukuta na kuingia kwenye mtaro wa maji ya mvua. Lilikuwa limezibwa na mchanga, ndiyo maana karo lilijaa. Miaka yote ya nyuma karo lile halikujaa kwa sababu halikuwa likibeba mzigo wake. Mwenye nyumba alitaka nilizibue bomba lile basi, nimalize kazi, anilipe. Nilikataa, akamwita fundi mwingine. Mtaro ule unaishia ufukweni, hatua chache kutoka mahali nilipojifunzia kuogelea.

#5 Mama wa Mtama

Kaka Fundi, nimekusoma mpaka hapa, na kwa watu wa mjini naona unasema kweli. Ila sisi tunaoishi kando ya mto Lukuledi hatuna bomba la mtu yeyote linalomwaga mtoni, na bado watoto wetu wanaoga kwenye madimbwi ya mto wakati wa kiangazi kisha wanakojoa damu. Mwanangu wa pili alianza hivyo akiwa darasa la tatu, wenzake wakamwambia ni dalili ya kukua. Hospitali wakasema kichocho. Kwa hiyo kwetu mto haukufungwa na choo, umefungwa na ugonjwa.

#6 Fundi wa Lindi

Mama, pole sana kwa mwanao, na nashukuru kwa kulileta hili, kwa sababu mito ya miji hiyo ya Ulaya haina tatizo la aina hii na mtu akiiga habari zao bila kuliweka hili mezani atawaumiza watoto.

Lakini naomba uniruhusu niliangalie kwa karibu. Mdudu wa kichocho cha mkojo hazaliwi na mto. Mtu mwenye kichocho anakojoa majini, mayai yaliyomo kwenye mkojo wake yanaanguliwa, vijidudu vinaingia ndani ya konokono wadogo wanaoishi kwenye maji baridi yaliyotulia, vinaongezeka humo, kisha vinatoka vikiwa na uwezo wa kupenya ngozi ya mtu aliyeingia majini, hasa nyakati za mchana jua likiwa kali, ambazo ndizo nyakati watoto wanazopenda kuoga. Hahitaji kuyanywa maji hayo, inatosha kuyakanyaga. Kwa hiyo bomba halipo, lakini choo kipo: mto wenyewe ndio uliogeuzwa choo, na mtoto anayekojoa akiwa ndani ya dimbwi anawapa wenzake ugonjwa bila kujua. Dawa ipo, ni prazikwanteli, na ndiyo wanayogawiwa watoto shuleni, lakini mtoto aliyepona akirudi kwenye dimbwi lile lile anaambukizwa upya.

Kuna jambo wazee wa pwani walilitenda bila kutaja konokono. Konokono wale hawaishi kwenye maji ya chumvi. Mahali petu pa kuogelea Lindi ni kwenye mkono wa bahari, pale ambapo Lukuledi imekwisha kuchanganyika na bahari, na tulikatazwa kabisa kuoga kwenye vidimbwi vya maji baridi vya bondeni. Sababu tuliyopewa ilikuwa mashetani, na juu kidogo mtoni mamba. Babu yangu, ambaye asili yake ni Mmwera wa bara ya Lindi, alikuwa akisimulia kwamba walipotolewa kumbini baada ya jando walipelekwa mtoni kuoshwa, na mtu mzima alitangulia kupachagua mahali pa maji yanayokimbia, yasiyo na majani, tena asubuhi mapema. Kwa elimu ya leo, maji yanayokimbia na asubuhi mapema ndiyo mahali na wakati ambao hatari ya kichocho ni ndogo kuliko kwenye dimbwi la saa sita mchana.

#7 Binti wa Mikindani

Mama wa Mtama, Mungu amponye mwanao. Fundi, mimi nina sahihisho, au tuseme nyongeza. Unavyosema kila kitu ni choo, unawaacha wenye viwanda watoke bila kuulizwa. Mito mingine iliuliwa na kemikali.

#8 Fundi wa Lindi

Dada, umesema kweli, na nalikubali sahihisho. Mfano wake mkubwa ni mto Rhine.

Mji wa Basel, Uswisi, una nyumba za kuogea zilizojengwa juu ya nguzo za chuma ndani ya mto tangu karne ya 19: ya St. Johann ni ya mwaka 1887 na ya Breite ni ya mwaka 1898, na zote mbili bado zinatumika. Usiku wa tarehe 1 Novemba 1986 ghala la kampuni ya Sandoz lililokuwa Schweizerhalle, karibu na mji huo, liliwaka moto likiwa na zaidi ya tani 1,300 za kemikali, nyingi zikiwa dawa za kuulia wadudu. Wazima moto walimwaga maji kwa wingi kama ilivyo desturi, na maji hayo yakateremka mtoni yakiwa na sumu pamoja na rangi, mto ukawa mwekundu. Mikunga na samaki wengine walikufa kwa mamia ya kilomita kuelekea Ujerumani. Nchi zinazopitiwa na mto huo zikakubaliana mwaka 1987 juu ya mpango wa pamoja wa kuuponya, na lengo walilolichagua lilieleweka na kila mtu: samaki aina ya samoni arudi mtoni kufikia mwaka 2000. Maghala yakalazimika kujengewa mabwawa ya kuzuia maji ya kuzimia moto yasitoke.

Leo ukifika Basel siku ya joto utaona watu waliomaliza kazi wakikunja nguo, viatu na simu ndani ya mfuko usioingiza maji, wenye umbo la samaki, wanaouita Wickelfisch. Wanaukunja mdomo wake mara saba, wanaufunga, wanaingia mtoni nao, na mkondo unawabeba kupita chini ya madaraja mpaka karibu na nyumbani. Mfuko unaelea, kwa hiyo unamsaidia pia mwenye kuchoka. Waogeleaji wana upande wao wa mto na meli zina wake, na hawachanganyiki.

Mfuko ule ulinikumbusha nazi zetu. Wenzangu wa pwani wanajua: unachukua nazi mbili kavu ambazo hazijafuliwa, unachana kipande cha kumbi cha kila moja bila kukikata, unavifunga vipande hivyo pamoja, kisha mtoto anaupitisha ule mshipi chini ya kifua na nazi zinamkaa kwapani kila upande. Zinaelea vizuri sana mpaka kumbi linapoanza kunywa maji, baada ya siku kadhaa, ndipo zinaanza kuzama polepole na mtoto analazimika kupiga miguu zaidi kila siku. Kaka yangu mkubwa alinifundisha hivyo, na siku nazi zilipozama kabisa nilikuwa nimekwisha kujua kuogelea.

#9 Mdau wa Mtwara Mjini

Fundi, mifano yako yote ni ya mito inayoteremka upande mmoja. Lindi na Mtwara tuna maji yanayojaa na kupwa mara mbili kwa siku. Uchafu si unachukuliwa na bahari? Hapa Shangani maji yanabadilika yote ndani ya saa sita.

#10 Fundi wa Lindi

Mkuu, hilo ndilo walilolidhania London, na nilikuwa nimeliweka akiba.

Mto Thames katikati ya London hujaa na kupwa kama mkono wa Lindi. Katika kiangazi cha mwaka 1858 mto huo ulinuka kiasi kwamba Bunge lililo ukingoni lilitundika mapazia yaliyolowekwa kwenye chokaa yenye klorini ili wabunge waweze kukaa, na ndani ya muda mfupi fedha za kujenga mifereji zikapitishwa. Joseph Bazalgette aliyeijenga hakuusafisha uchafu, aliusogeza mbali na mji, upande mto unakoelekea baharini, na kuumwaga wakati maji yanapokupwa ili bahari iuchukue. Hesabu ilikuwa hiyo hiyo yako. Tarehe 3 Septemba 1878 meli ya abiria iitwayo Princess Alice iligongana na meli ya makaa ya mawe karibu na midomo ya mifereji hiyo, muda mfupi baada ya maji taka kumwagwa, na zaidi ya watu 600 wakafa. Wengi hawakujua kuogelea, lakini hata wale waliojua walijikuta katikati ya maji ya chooni ambayo bahari ilikuwa bado haijayachukua. Maji yanayokupwa hayaendi yote. Yanasogea, yanasita, kisha yanarudi na sehemu kubwa ya yalichokibeba.

Mwaka 1934, kando ya ngome ya Tower, London ilimwaga mchanga mwingi ukingoni ili watoto wa familia zisizo na nauli ya kwenda pwani wapate ufuko wao. Maji yakikupwa mchanga unaonekana, ngazi zinateremshwa, watoto wanashuka. Palifungwa mwaka 1971 kwa sababu maji hayakufaa tena. Sasa wamechimba handaki la kilomita 25 chini ya mto, ambalo liliunganishwa lote mwanzoni mwa 2025, likiwa na kazi ile ile ya tangi la Austerlitz.

Kwa hiyo tusiiachie bahari kazi yetu. Lakini maji yetu yana msaada wake kwa anayeyajua. Siku za bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, pwani hii hujaa karibu saa kumi alasiri, na maji yanayoingia wakati huo yanatoka baharini, ni ya chumvi na ni masafi kuliko yanayotoka. Yakianza kukupwa, yanabeba yaliyomo kwenye mitaro ya mji na matope ya Lukuledi, tena mkondo unavuta kuelekea mlango wa bahari kwa nguvu inayomshinda hata mtu mzima. Wazazi wetu walisema tu, "Ukiona ngalawa imegeuza uso, toka." Chombo kilichotia nanga hugeuka kuufuata mkondo, na kikigeuka ujue maji yameanza kutoka.

#11 Mama wa Mtama

Sasa hapo Lindi mtafanya nini? Euro bilioni moja hatuna.

#12 Fundi wa Lindi

Mama, nashukuru kwa kunirudisha nyumbani.

Nyumba nyingi za Lindi zinategemea vyoo vya shimo na makaro. Miaka yote nilidhani huo ni unyonge wetu, lakini nikilinganisha na Paris naona una upande wake mwema: vyoo vyetu na maji ya mvua havijaunganishwa kwenye bomba moja, isipokuwa pale mtu alipoamua kuviunganisha kwa siri. Wao walilazimika kutenganisha au kuhifadhi maji ya mji mzima. Sisi kwa upande wetu tunatakiwa kuwatafuta waliounganisha, mmoja mmoja, na kuhakikisha makaro yananyonywa na gari kabla hayajafurika.

Na kuwatafuta hakuhitaji maabara. Mtaro wa maji ya mvua unapaswa kuwa mkavu wakati wa kiangazi. Ukiukuta unatiririsha maji wakati mvua haijanyesha kwa wiki mbili, maji hayo yametoka ndani ya nyumba. Unaufuata mtaro kwa kupanda, unafunua kifuniko kimoja baada ya kingine, na pale unapokuta kifuniko cha juu ni kikavu na cha chini kimelowa, nyumba unayoitafuta iko katikati yake.

Nitafanya hivyo bamvua hii, maji yakikupwa kabisa majira ya saa nne asubuhi, nitawaletea majibu.

#13 Fundi wa Lindi

Wakuu, nimerudi. Nimetembea ufukwe mzima wa mjini kwa saa mbili na nusu nikiwa na kijana wangu mmoja wa kazi. Tumehesabu midomo ya mitaro 11. Minane ni mikavu kabisa, mingine ina mchanga na majani ya mkungu. Mmoja unatoa maji yasiyo na harufu, ambayo tuliyafuata mpaka kwenye bomba la maji safi lililopasuka, na taarifa imekwisha kutolewa. Miwili inatoa maji ya kijivu. Ule wa kwanza una povu la sabuni na ni wa kufulia, unatoka kwenye nyumba tatu zinazotumia ua mmoja, na wenyewe wamekubali kuchimbiwa shimo la kunywea, yaani shimo la kuyapokea maji hayo yanywewe na ardhi. Kazi itaanza Jumatatu, nimewaambia wagharamie mawe na saruji tu.

Ule wa pili ni wa bomba la inchi 4 nililowasimulia. Fundi aliyenifuata alilizibua vizuri. Tope la chini ya mdomo wake limekuwa jeusi, linanuka yai bovu ukilikanyaga, na kwa mita kama kumi kila upande hakuna hata shimo moja la kaa, wakati sehemu nyingine za ufukwe zimejaa mashimo yao. Nimezungumza na mwenyekiti wa mtaa, tumekubaliana twende pamoja na bwana afya, na safari hii mimi nitaingia na mchoro wa karo jipya mkononi pamoja na bei yake, ili mazungumzo yasiishie kwenye lawama.

Mzee wa jahazi nilimpelekea jibu lake barazani. Alilisikiliza lote, la Paris na la London, kisha akaniuliza mtaro ule uko upande gani wa mahali wanapooga watoto. Nikamwambia uko kaskazini yake, hatua arobaini hivi. Akasema basi wakati wa kusi, maji yakijaa, mkondo wa ukingoni unausukuma uchafu kaskazini zaidi na watoto wako salama kidogo. Kaskazi ikianza kuvuma mambo yatageuka. Kwa hiyo tuna mpaka Novemba.

Kama kuna fundi mwenzangu wa Mtwara au Mikindani anayeweza kuutembea ufukwe wa kwao bamvua ijayo na kuhesabu midomo ya mitaro, aandike hapa chini ni mingapi na mingapi imelowa.